Namna ya Kuchambua Pambano la Kirusi na Kinga ya Asili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sayansi ya afya, mwalimu wa baiolojia au msomaji yeyote anayekutana na jina la kirusi, kiwe kipya au cha zamani, na anataka kujua kwa utaratibu jinsi kinavyopambana na kinga ya asili, yaani ile kinga ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo haihitaji kumjua adui kabla ya kumkabili. Kinachohitajika ni ufahamu wa kawaida wa seli, DNA, RNA na protini, pamoja na karatasi moja. Karatasi ni ya lazima, kwa sababu uchambuzi mwingi huharibika pale mtu anapokusanya majina ya protini bila kuyapanga kwa mahali na wakati, ilhali katika jambo hili mahali na wakati ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu.

Gawa karatasi hiyo katika safu tano: saa zilizopita tangu kirusi kiingie, mahali kilipo ndani ya seli, kitu kinachokisaliti, jibu la seli, na hila ya kirusi. Usianze na orodha ya chembe nyeupe za damu, ingawa vitabu vingi vya shule huanza hapo. Pambano la kwanza hufanyika ndani ya seli moja iliyoambukizwa, mara nyingi seli ya kawaida kabisa ya utando wa pua, koo, mapafu au utumbo, kabla chembe nyeupe hazijawasili kwa wingi. Kirusi cha influenza huanza kutoa virusi vipya katika seli iliyoambukizwa ndani ya saa 6 hadi 8 hivi, ilhali kingamwili na seli T (chembe nyeupe zinazojifunza kumlenga adui maalumu) zinazokilenga kirusi kipya huchukua siku kadhaa kujitokeza kwa nguvu. Muda huo wa kati unasimamiwa na kinga ya asili peke yake.

Andika kwanza maumbile ya kirusi

Kabla ya kugusa kinga, jibu maswali manne: je, jenomu ya kirusi ni ya DNA au RNA, ina uzi mmoja au nyuzi mbili, kirusi hujinakili kwenye kiini cha seli au kwenye saitoplazimu, na huingia katika seli za aina gani. Majibu haya yatakuambia mapema ni walinzi gani wa seli watakaokutana nacho. Vizuizi vya nje, kama ngozi, ute wa njia ya hewa na tindikali ya tumbo, viandike kwa mstari mmoja na uendelee, kwa kuwa kirusi kinachochambuliwa ni kile kilichokwisha kuvipita.

Kwa influenza, karatasi itasema hivi: jenomu ya RNA ya uzi mmoja, iliyogawanyika katika vipande 8, huingia kwa kushika sukari iitwayo asidi ya sialiki juu ya seli, humezwa katika kifuko kiitwacho endosomu, kisha vipande vyake husafiri hadi kwenye kiini cha seli na kunakiliwa humo. Jambo hili la mwisho si la kawaida, kwani virusi vingi vya RNA hunakiliwa kwenye saitoplazimu, na ndiyo maana usichambue kirusi cha pili kwa karatasi ya cha kwanza.

Tafuta kinachokisaliti

Hapa ndipo panapostahili muda mwingi. Seli haiwezi kukitambua kirusi kwa sura, kwa sababu protini za nje za virusi hubadilika mno. Inachotambua hasa ni asidi nukleiki, yaani DNA au RNA, iliyo mahali isipostahili kuwa au yenye umbo lisilo la mwenyeji. Kanuni hii moja itakusaidia kukumbuka majina yote yanayofuata, kwa hiyo ishike kabla ya majina.

Walinzi wa kundi la kwanza ni vipokezi vya TLR (Toll-like receptor), ambavyo jina lao limetokana na jeni Toll ya nzi wa matunda. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake walionyesha kwamba jeni hiyo humkinga nzi dhidi ya kuvu, na mwaka 2011 Hoffmann na Bruce Beutler walishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kinga ya asili, pamoja na Ralph Steinman aliyegundua seli za dendriti, chembe zinazoonyesha vipande vya adui kwa seli T. Kwa virusi, zingatia TLR3 inayotambua RNA ya nyuzi mbili, TLR7 na TLR8 zinazotambua RNA ya uzi mmoja, na TLR9 inayotambua DNA yenye alama za CpG (herufi C ikifuatwa na G) zisizo na methili, kikundi kidogo cha kemikali. Zote nne hukaa hasa ndani ya endosomu. RNA ya mwenyeji kwa kawaida haipatikani humo, hivyo RNA inayofunguka ndani ya kifuko hicho ni dalili ya mgeni aliyemezwa.

Kundi la pili liko kwenye saitoplazimu, na hapo tatizo ni gumu zaidi kwa kuwa mazingira hayo yamejaa RNA ya seli yenyewe. RIG-I hulitatua kwa kukagua ncha. RNA ya ujumbe ya binadamu huvishwa kofia ya kikemikali kwenye ncha yake ya mwanzo na kuwekewa alama za methili, ilhali RNA ya virusi vingi hubaki na fosfati tatu zilizo wazi. RIG-I hushika ncha hiyo yenye fosfati tatu pale inapokuwa sehemu ya kipande kifupi cha nyuzi mbili, na vipande vya influenza vinakidhi sharti hilo kikamilifu, kwa kuwa ncha zao mbili hujikunja na kushikana. Mwenzake MDA5 hushughulika na RNA ndefu ya nyuzi mbili, kama ile inayotokea virusi vya jamii ya polio vinapojinakili.

Kwa virusi vya DNA, jina la kuandika ni cGAS, kimeng'enya kilichoelezwa mwaka 2013 na maabara ya Zhijian Chen. Kinapokuta DNA kwenye saitoplazimu, hutengeneza molekuli ndogo iitwayo cGAMP, ambayo huamsha protini STING iliyo kwenye utando wa ndani ya seli. Utambuzi wa namna hii una hatari yake, kwani cGAS haijui kusoma maandishi ya DNA. DNA ya mwenyeji ikivuja, inaishambulia vilevile. Watoto waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni TREX1, ambayo kazi yake ni kuteketeza DNA iliyopotea njia, hupata ugonjwa wa Aicardi-Goutières, unaofanana na maambukizi ya virusi ya kuzaliwa nayo ingawa hakuna kirusi chochote.

Kanuni ya umbo la RNA imetumika pia katika tiba. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba RNA iliyobadilishwa kwa kemikali, kwa mfano kwa kuwekewa sudouridini, haiziamshi TLR kama RNA ya kawaida itengenezwayo maabara. Ugunduzi huo ulifungua njia ya chanjo za RNA ya ujumbe, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Fuata ishara mpaka kwenye kiini

Mlinzi akishaamka, fuata ujumbe wake hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua ni mahali ambapo kirusi kinaweza kuukata. RIG-I na MDA5 hupeleka ujumbe kwa MAVS, protini iliyojishikiza juu ya mitokondria. cGAS huupeleka kwa STING. Njia zote mbili hukutana kwenye kimeng'enya TBK1, ambacho huwasha IRF3, protini inayowasha jeni. Sambamba na hapo huwashwa NF-κB. Protini hizi mbili za mwisho huingia kwenye kiini cha seli na kuanzisha utengenezaji wa interferoni, protini ya kuzitahadharisha seli jirani, na sitokini za uvimbe, yaani protini za ujumbe kati ya seli. Msomaji anayechanganyikiwa na vifupisho hivi avichore kama mto wenye vijito viwili, na hatahitaji kuvikariri.

Interferoni iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waliokuwa wakifanya kazi Mill Hill, London. Walichukua kirusi cha influenza kilichouliwa kwa joto, wakakiweka pamoja na vipande vya utando wa yai la kuku, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyobaki yaliweza kuzikinga tishu nyingine dhidi ya kirusi hai. Matokeo hayo yana funzo ambalo waandishi wengi hulipita haraka: interferoni yenyewe haiui kirusi. Hutoka nje ya seli na kubisha hodi kwa majirani, nao hubadilika.

Jibu hilo la majirani liandike kama wimbi la pili, na ulitenge na la kwanza. Interferoni alfa na beta hushika kipokezi kiitwacho IFNAR, ambacho huamsha vimeng'enya JAK1 na TYK2, navyo huamsha STAT1 na STAT2. Hizi huungana na IRF9 na kuingia kwenye kiini kuwasha mamia ya jeni. Interferoni lambda, iliyotambuliwa mwaka 2003, huwasha karibu jeni zilezile, lakini kipokezi chake kiko zaidi kwenye seli za tando za nje kama za njia ya hewa na utumbo; kwa hiyo inaweza kuulinda utando bila kuutikisa mwili mzima. Kirusi chako kikiwa cha njia ya hewa au cha kuhara, usiisahau.

Chagua silaha zinazohusika tu

Mamia ya jeni hayawezi kuingia kwenye karatasi moja, na hayahitajiki. Chukua zile zinazogusa hatua ambazo kirusi chako hupitia. Kwa kirusi kinachoingia kupitia endosomu, andika IFITM3, inayozuia utando wa kirusi kuungana na ule wa kifuko. Kwa influenza, ongeza Mx, ambayo Lindenmann huyohuyo alianza kuifuatilia baada ya kuona panya wa maabara wa ukoo fulani wakistahimili kirusi kilichowaua panya wengine. Kwa VVU, andika APOBEC3G, inayojaza makosa kwenye jenomu ya kirusi wakati RNA inaponakiliwa kuwa DNA, pamoja na tetherini, inayovifunga virusi vipya juu ya seli visiondoke.

Mbili kati ya silaha hizi zinafaa kuandikwa kwa karibu kila kirusi. PKR ikishika RNA ya nyuzi mbili, huweka fosfati kwenye protini eIF2α, na utengenezaji wa protini husimama. OAS nayo huamsha RNase L, kimeng'enya kinachokatakata RNA bila kubagua iwe ya kirusi au ya seli. Seli inayochukua hatua hizi inajiumiza kwa makusudi, na mara nyingi hufa. Kwa mwili wenye matrilioni ya seli, hiyo ni hasara ndogo.

Jaza safu ya hila

Sasa rudi juu ya karatasi na uulize kwa kila mstari: kirusi hufanya nini hapa? Virusi vilivyodumu miongoni mwa wanyama vina jibu kwa angalau mistari kadhaa. Njia yenyewe huwa mojawapo ya chache zinazojirudia.

Ya kwanza ni kujificha. Virusi vya korona hujinakili ndani ya vifuko vya tando mbili ambamo RNA yao hukaa mbali na walinzi wa saitoplazimu, tena hutengeneza kofia zao wenyewe na kuziwekea methili zifanane na za binadamu. Influenza haina kiwanda cha kofia, hivyo hunyofoa kofia za RNA za seli na kuzivika RNA zake za ujumbe. Kwa tendo hilo moja hujipatia vazi na kuiharibia seli mali yake. Kirusi cha Ebola hutumia protini VP35 kufunika RNA ya nyuzi mbili isionekane na RIG-I.

Ya pili ni kukata ujumbe. Kirusi cha homa ya ini C kina kimeng'enya NS3/4A, ambacho kazi yake kuu ni kukatakata protini ndefu ya kirusi ili vipande vyake vifanye kazi, lakini kimeng'enya hichohicho huikata MAVS na kuiondoa juu ya mitokondria. Hapo RIG-I huweza kupiga kelele na asiwepo wa kumsikia. VP24 ya Ebola hushika protini zinazoisafirisha STAT1 kuingia kwenye kiini, kwa hiyo hata seli iliyopata interferoni kutoka kwa jirani haiwezi kuitikia. ORF6 ya SARS-CoV-2 hufanya jambo la aina hiyo kwenye matundu ya kiini.

Ya tatu ni kuzima kiwanda chote. Nsp1 ya SARS-CoV-2 huziba njia ya RNA kwenye ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, nayo NS1 ya influenza huvuruga ukamilishaji wa RNA za ujumbe za seli, ikiwemo ile ya interferoni. NS1 inastahili mstari wake peke yake, kwani hushika pia RNA ya nyuzi mbili, huingilia uamshaji wa RIG-I na huizuia PKR. Protini moja ndogo ikiwa na kazi nne, usishangae ukikuta makala mbili zinazotoa maelezo tofauti juu yake na zote ziko sahihi.

Ya nne ni chambo. Kirusi cha vaksinia, kilichotumika katika chanjo ya ndui, huifanya seli iliyoambukizwa itoe protini B18, inayoinasa interferoni nje ya seli kabla haijafika kwenye kipokezi chake halisi. Virusi vikubwa vya DNA vina nafasi ya kubeba jeni za anasa kama hizi. Virusi vidogo vya RNA hulazimika kuipa kila protini kazi zaidi ya moja.

Chembe zinazofika baadaye

Baada ya hapo ndipo chembe nyeupe zinapoingia kwenye karatasi. Makrofaji humeza mabaki na kutoa sitokini. Seli za dendriti za aina ya plasmasitoidi hutoa interferoni alfa kwa wingi kupitia TLR7 na TLR9, hata bila zenyewe kuambukizwa, na kwa hiyo kirusi kilichoikata MAVS katika seli ya mapafu huwa hakijaifunga njia hii. Seli za NK, chembe nyeupe zinazoua seli zilizoharibika, hukagua kama seli nyingine bado zinaonyesha juu ya utando wake protini za MHC daraja la kwanza, yaani alama zinazoonyesha seli T kilichomo ndani ya seli. Klas Kärre na wenzake walieleza mwaka 1986 kwamba kukosekana kwa alama hiyo ndiko kunakowapa NK ruhusa ya kuua. Sitomegalovirusi huondoa alama hizo ili kuzikwepa seli T, jambo ambalo lingeiweka wazi kwa seli za NK. Hivyo imebeba pia UL18, protini inayofanana na MHC.

Pima wakati, si nguvu

Swali kama kinga ya mtu ni imara au dhaifu halitakupeleka mbali, na matangazo ya vitu vya kuongeza kinga yanaishi kwa kulitumia. Uliza badala yake: interferoni ilitoka mapema au ilichelewa? Ikitoka mapema na ikazimika kwa wakati, kirusi hubanwa kikiwa bado kichache. Ikichelewa, kirusi huwa kimeshajaa, na sitokini za uvimbe zinazofuata huharibu tishu. Homa, maumivu ya misuli na uchovu vyenyewe hutokana kwa sehemu kubwa na jibu la mwili: wagonjwa wa homa ya ini C waliotibiwa kwa sindano za interferoni alfa walipata dalili kama za mafua makali bila kuwa na mafua.

Hapa andika pia uvumilivu wa mwenyeji. Popo hubeba virusi kadhaa ambavyo ni hatari kwa binadamu bila kuugua sana, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba STING yao ina badiliko linaloipunguzia nguvu. Mnyama huyo anaonekana kufaidika kwa kutofanya fujo kubwa anapokutana na kirusi.

Hakiki kila mstari

Kila dai kwenye karatasi lipewe alama kulingana na ushahidi wake. Ushahidi dhaifu zaidi ni ule wa protini ya kirusi iliyowekwa peke yake na kwa wingi kupita kiasi ndani ya seli za maabara. Karibu protini yoyote ikijazwa kiasi hicho huweza kuzuia kitu fulani. Ushahidi bora ni kuiondoa protini hiyo kwenye kirusi kamili na kutazama kitakachotokea. Mwaka 1998 kundi la Adolfo García-Sastre lilitengeneza influenza isiyo na NS1. Kirusi hicho kilikua vizuri katika seli za Vero, seli za maabara zilizotokana na figo ya nyani, ambazo haziwezi kutengeneza interferoni alfa na beta, na kiliwaua panya wasio na STAT1, lakini hakikuwadhuru hivyo panya wa kawaida. Jaribio la namna hii hujibu maswali mawili kwa pamoja: hila ni ipi, na imelenga nini.

Ushahidi unaotoka kwa binadamu ni adimu, kwa hiyo upe uzito wake. Watoto waliozaliwa bila IFNAR inayofanya kazi wamepata ugonjwa mkali baada ya chanjo hai za surua au homa ya manjano. Hitilafu kwenye TLR3 imehusishwa na uvimbe wa ubongo unaoletwa na kirusi cha herpesi simpleksi, ilhali watu hao hawaonekani kuugua kupita kiasi kwa virusi vingine vingi. Mwaka 2020 kundi la Jean-Laurent Casanova liliripoti kwamba wagonjwa 101 kati ya 987 wenye nimonia mbaya ya UVIKO-19 walikuwa na kingamwili zinazoishambulia interferoni yao wenyewe, wengi wao wanaume na watu wenye umri mkubwa.

Mwisho, andika pembeni ya kila mstari jina la kiumbe ambamo jambo hilo lilionekana. Kirusi cha dengi hutumia protini NS5 kuiteketeza STAT2 ya binadamu, lakini hakiiwezi STAT2 ya panya, na hiyo ni sababu mojawapo ya panya wa kawaida kutougua dengi ipasavyo. Watafiti wengi hulazimika kutumia panya walioondolewa vipokezi vya interferoni, na matokeo yanayotoka humo kuhusu interferoni yenyewe yasomwe kwa kujua kwamba njia inayochunguzwa ilikwisha kuondolewa kabla jaribio halijaanza.